Begi Langu Lilikuwa Jepesi



Vijana wenzangu, wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa kwaya hapa Minnesota alinipigia simu usiku nikiwa zamu. Mwezi wa sita anaenda na vijana wa parokia kule Boundary Waters, siku tano za kupiga kafi na kulala porini. Kwa kuwa mimi nilienda mwaka jana, akaona nafaa kumshauri. "Kaka, ninunue nini ili mzigo uwe mdogo na mwepesi? Nina dola 300 tu. Halafu lile hema lako dogo, naweza kuazima?" Nikamwambia nitamwandikia orodha. Nimekaa kuiandika mara tatu, na mara zote nikifika kwenye hema nakwama. Basi ngoja niandike hili kwanza, orodha ataipata humuhumu.

Kwa mlioko nyumbani, nieleze kidogo. Boundary Waters ni eneo la misitu na maziwa kaskazini kabisa mwa Minnesota, mpakani na Kanada. Yako maziwa zaidi ya 1,000, na sehemu kubwa injini hairuhusiwi. Unaingia kwa mtumbwi na kafi yako. Kundi moja halizidi watu 9 na mitumbwi 4. Vyakula vya makopo na vya chupa hairuhusiwi kuingia navyo. Hakuna duka wala nyumba. Kambini unakuta wavu wa chuma wa kuwashia moto, na choo kisicho na kuta kule nyuma msituni, basi. Na maziwa yenyewe hayakuungana yote. Ukifika mwisho wa ziwa moja unashuka, unabeba mabegi, unabeba na mtumbwi wenyewe ukiwa umeugeuza juu ya mabega, unapita njia ya mawe na mizizi mpaka ziwa linalofuata. Njia hiyo wanaiita potaji, na urefu wake wanaupima kwa rodi, kipimo cha kizamani cha kama mita 5, karibu sawa na mtumbwi mmoja.

Nilipomweleza mama yangu habari hizo kabla sijaenda, alicheka mpaka akakohoa. Mama yuko Ukerewe, na babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi. "Yaani mnalipa hela mkabebe mtumbwi? Si mtumbwi ndio unatakiwa ukubebe wewe?"

Mama alikuwa na hoja. Majini uzito hausumbui sana, ziwa linabeba. Mzigo unaujua kwenye potaji. Usipoweza kubeba vyote kwa mara moja inabidi urudi, kwa hiyo njia ya kilometa moja unaitembea kilometa tatu: kwenda na mzigo, kurudi mtupu, kwenda tena na mzigo. Na si kilo peke yake. Begi kubwa lililovimba linashika upepo ziwani na linakwama kwenye matawi njiani, na mzigo uliorundikwa juu unaufanya mtumbwi uyumbe. Ndiyo maana kila anayekwenda kule anatafuta vitu vyepesi vinavyokunjika vidogo. Ni akili, si anasa. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi ninao na mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miezi mitatu ya kujiandaa. Nikaangalia video usiku kucha, wazee ninaowahudumia kazini wakiwa wamelala. Nikanunua mizani ya jikoni. Nikapima soksi, nikapima kijiko, nikaukata mpini wa mswaki nikaokoa gramu chache. (Msicheke, wanaofanya hivyo ni wengi.) Kila namba iliposhuka nilisikia raha fulani ambayo niliifahamu, maana ilikuwa ni kipindi cha Kwaresima na ilifanana sana na ile raha ya kujinyima. Mpaka nikaanza kuamini ni kitu kimoja. Nikawa naongea na wenzangu kwenye mazoezi ya kwaya kama mtu aliyepata wito: tuna vitu vingi mno, Mtakatifu Fransisko aliacha vyote, mtu huru ni yule asiye na mzigo. Hivi kuna kitu kinachochosha kama mtu anayehubiri ufukara huku anasubiri kifurushi kutoka dukani?

Maana kuna jambo kuhusu wepesi ambalo hawakutangulizii kukwambia: unauzwa. Kadiri kitu kinavyokuwa na kidogo ndani yake, ndivyo bei yake inavyopanda. Hema la kawaida la watu wawili, la bei rahisi, lina kilo tatu hivi. Mimi nililitaka lile la mtu mmoja, gramu 900, dola 420. Nililinunua. Mwezi ule nikatuma nyumbani nusu ya kiasi ninachotuma siku zote, nikamwambia mama wamenipunguzia zamu. Hawakunipunguzia. Mama akasema, "Mungu atafanya njia, baba. Wewe jitunze."

Baada ya hema, hela ya koti zuri la mvua haikubaki. Makoti ya bei nafuu niliyoyaona yalikuwa mazito, yangeniharibia namba zangu. Nikasema utabiri wa hali ya hewa ni mzuri, nikaacha.

Tukaenda watu wanane, mitumbwi mitatu. Parokia ina mahema mawili makuukuu ya watu wanne wanne, kila moja kilo 6. Usiku wa kupanga mizigo ukumbini, kila mtu alimwaga vyake sakafuni. Begi langu lilikuwa dogo kuliko yote na nililiweka mahali ambapo lingeonekana. Kubwa kuliko yote lilikuwa la kaka mmoja Mkongo, kwao Uvira, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla familia yao haijaletwa Marekani. Alikuwa na makoti mawili ya mvua, masweta matatu, kamba ya kutosha kufunga ng'ombe, na sufuria kubwa la kundi lililojaa vitu ndani. Nikamtania mbele ya watu. Nikamwambia, kaka, tunaenda siku tano, wewe unahama? Akatabasamu akaendelea kukunja. Alipomaliza akasema taratibu, kwa Kiswahili chao, "Ndugu, miye nilisha acha vitu vyote mara moja. Ile mara moja inatosha."

Sikuwa na la kujibu, na namshukuru Mungu kwamba angalau nilinyamaza. Mimi nilikuwa naacha vitu kwa sababu nilijua viko kabatini vinanisubiri. Yule aliachishwa.

Siku ya tatu ikanyesha. Mvua ya kule mwezi wa sita si ya kwetu. Ni nyembamba, haina haraka, na ina baridi; siku ile ilikuwa kama nyuzi 10 na upepo unatupiga usoni ziwani. Nilikuwa nimevaa sweta la pamba lenye kofia, na pamba ikilowa haikupi joto tena, inakunyonya lile ulilonalo. Tulipofika kwenye potaji nilijaribu kufungua kamba ya begi, vidole vikakataa. Mtu akaniuliza swali, nikajibu, na nikasikia mwenyewe kwamba maneno yanatoka kama ya mlevi. Yule kaka wa Uvira hakuuliza tena. Akanivua lile sweta kama mtoto, akanivika la kwake la sufu, akanivika na koti lake la pili, wengine wakachemsha chai chini ya turubai. Kisha akachukua begi langu. Lilikuwa jepesi, akaliweka kifuani, la kwake mgongoni, akaondoka na yote mawili.

Jioni nikiwa nimepata joto, nililala kwenye hema langu la dola 420, peke yangu. Hema la pili la parokia nalo lilikuwa na nafasi moja tupu, ya kwangu. Nikawasikia watatu wale wakicheka humo.

Sasa hesabu. Niliipiga usiku mmoja kazini baada ya kurudi, na sikuipenda. Hema la kilo 6 kwa watu wanne ni kilo moja na nusu kwa kila mmoja. Mimi nilipojitoa nikabeba gramu 900, nikaokoa gramu 600. Lakini lile hema halikupungua uzito kwa sababu mimi nimetoka. Lilibaki kilo 6, kwa watu watatu, kilo mbili kila mmoja. Kila mwenzangu nilimwongezea nusu kilo, na kundi zima likawa na gramu 900 zaidi ya lilizokuwa nazo mwanzo. Nikaendelea. Mitumbwi tuliyokodi ilikuwa ya alumini, kilo 32 hivi kila mmoja, kwa sababu ile ya kevla, yenye kilo kama 20, ilizidi kwa dola 25 kwa siku. Mitumbwi mitatu, siku tano: dola 375. Yaani hela ya hema langu ingetosha kuondoa kilo 36 kwenye mabega ya vijana wote, na chenji ingebaki.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama wepesi ni fadhila kweli au nilibandika tu jina la fadhila kwenye tamaa yangu. Injili inaonekana kunitetea. Bwana anawatuma wale Thenashara bila mkoba, bila mkate, bila fedha, bila kanzu ya pili. Hata kwenye orodha ile Wainjili hawafanani: Marko anawaachia fimbo na viatu, Mathayo na Luka wanawanyima hata fimbo. Huwa nafurahi nikifikiria kwamba mabishano ya nini kibaki na nini kiachwe ni ya zamani hivyo. Lakini nimeisoma tena sura ya sita ya Marko, nikaona nililokuwa naliruka. Kwanza, wanatumwa wawili wawili. Pili, wanaambiwa wakiingia nyumba wakae humo. Kumbe wepesi wao uliegemea kwa watu. Walikwenda bila mkate kwa sababu watakula kwa mtu, na walijua hivyo, na yule mtu naye alijua. Walikuwa wahitaji mlangoni mchana kweupe. Mimi nilikwenda bila koti nikijitangaza kwamba sihitaji kitu, na koti likatoka kwenye begi nililolicheka.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kubebwa na wengine ni dhambi. Wazee ninaowageuza kitandani usiku wanabebwa, na hakuna dhambi hapo. Mtoto anabebwa. Ila kuna namna ya kubebwa ambayo inamfuta anayekubeba. Sisi watu wa Ziwa tunaijua. Mwaka 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua yake, Lady Alice, ikiwa imekatwa vipande vipande. Ilikuwa mabegani mwa wapagazi zaidi ya miezi mitatu, mpaka Kageye, si mbali na Mwanza, ikaunganishwa na kushushwa majini mwezi wa tatu mwaka 1875. Shuleni tulifundishwa kwamba Stanley alilizunguka ziwa. Wapagazi walikuwa wakibeba kilo 30 kila mtu na majina yao mengi hatuyajui, na tuseme ukweli, misafara ya wamisionari waliotuletea imani nayo iliwategemea wapagazi hao hao. Potaji ya kwanza ya nchi yetu niliyowahi kuisikia ni ile, na alama zake zilikwenda kwa aliyetembea mikono mitupu.

Nimepata msaada mahali ambapo sikutarajia. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile wanayoishi wamonaki wa Peramiho na Ndanda, sura ya 55, inazungumzia nguo. Ndugu anayetumwa safari anapewa nguo za ndani kutoka stoo ya jumuiya, na akirudi anazifua na kuzirudisha. Na kanzu ya safari iwe nzuri kidogo kuliko anayovaa siku zote. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaona ni busara kupita video zote nilizoangalia. Kitu kizuri kipo, lakini ni cha nyumba nzima. Leo anacho anayesafiri, kesho mwingine. Hakuna anayemiliki wepesi.

Na yupo Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, ambaye akiwa padre kijana alikuwa akienda na wanafunzi kupiga kayaki kwenye mito na maziwa ya Poland. Kayaki ikigeuzwa chini juu inakuwa altare, makafi mawili yakifungwa yanakuwa msalaba, Misa inaadhimishwa. Mwaka 1958 alikuwa katika safari kama hiyo alipoitwa Warsaw kuambiwa kwamba ameteuliwa askofu msaidizi wa Kraków. Akakubali, kisha akarudi kwa wenzake majini. Wajuzi wa mizigo wanapenda kusema kila kitu kifanye kazi mbili. Sijaona mfano mzuri kuliko huo.

Haya mdogo wangu, orodha yako.

Usinunue chochote kabla kundi halijamwaga vitu sakafuni pamoja. Fanyeni hivyo mwezi mmoja kabla, si usiku wa mwisho kama sisi. Mtakuta majiko manne na mnahitaji moja, visu tisa, taa kumi na mbili. Hapo mtapunguza kilo nyingi kuliko atakazopunguza mtu yeyote dukani, na ni bure.

Hela yako ya kwanza iende kwenye koti la mvua na suruali yake. Ya pili iende duka la mitumba: sweta la sufu, soksi za sufu, suruali isiyo ya pamba. Jinzi acha nyumbani. Begi la kulalia la nyuzi za kiwandani ni kubwa kidogo kuliko la manyoya ya bata, lakini ni la bei nafuu na likipata unyevu bado linakupa joto. Libane kwenye mfuko wake, kisha lote liingie kwenye mfuko mzito wa takataka, ufunge. Huo ndio mfuko wako wa kuzuia maji, senti chache. Godoro, la sponji lile linalokunjwa. Jaketi la kuokolea hilo ni lazima, na litavaliwa, halitakaliwa.

Chakula, sisi Waafrika tunawashinda hawa kwa mbali, sijui kwa nini tunanunua vile vipaketi vyao vya bei mbaya. Unga, mchele, karanga za kukaanga, na dagaa. Dagaa wakavu wa Mwanza ni wepesi, hawahitaji kopo, wanaiva upesi. Toa kila kitu kwenye maboksi. Maharage makavu usibebe, yatakumalizia gesi. Chakula chote usiku kihifadhiwe mbali na dubu kama mtakavyoelekezwa, na kwa harufu ya dagaa wetu nakuomba uwe mtiifu kabisa hapo.

Mswaki usikate.

Ukifanya hivyo nadhani utabaki na dola mia hivi. Ziweke kwenye mfuko wa kundi, na mwenzako mwenye nazo aweke, ulizeni bei ya kevla.

Limebaki hema. Liko kabatini kwangu, limelala porini mara nne tu. Nimefikiria kuliuza. Nimefikiria kukuazima na kukuonya, halafu nikaona onyo litabaki kwangu na hema litakwenda. Na sijui kama nina haki ya kukufanyia uamuzi, maana wewe si mimi. Bado natafuta jibu.

Lakini kuna jambo nililotakiwa kulimaliza kabla yako. Baada ya safari ile nilikwenda kitubio, nikaeleza yote, zamu zisizopunguzwa na hela isiyotumwa. Padre hakunisomea hotuba. Aliuliza, "Mama umemwambia?" Nikasema nitamwambia. Huo ulikuwa mwezi wa nane mwaka jana. Hela nilishaifidia, mwezi kwa mwezi, bila kusema ni ya nini, na kila nikipiga simu nilikuta habari nyingine za kuzungumza.

Jumapili baada ya Misa nilimpigia. Nikamwambia. Nikamtajia na bei, akaniomba nirudie kwa shilingi, nikarudia. Akakaa kimya muda mrefu, nikawa nasikia kuku wake na redio ya jirani. Nilidhani atauliza kwa nini nilimdanganya.

Akasema, "Hilo hema. Linaingia watu wangapi?"

"Mmoja, mama."